Kocha Vidinić na filimbi za waamuzi

Zungumza habari za Leopards ya 1974, timu ya taifa ya Zaire, na wazee wa mpira, iwe Masisi au Walikale, na haitachukua muda kabla mmoja wao hajasema kwamba kocha aliuza mechi. Yugoslavia 9, Zaire 0, na kocha mwenyewe Myugoslavia: ushahidi gani tena unatakiwa?

Blagoje Vidinić alizaliwa Skopje mwaka 1934. Alikuwa golikipa katika kikosi cha Yugoslavia kilichotwaa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1956, kisha dhahabu mwaka 1960. Mwaka 1970 aliiongoza Morocco kwenye Kombe la Dunia huko Mexico, ikatangulia kuifunga Ujerumani Magharibi kabla ya kushindwa 2-1.

Baadaye akaja Zaire. Desemba 1973, mjini Kinshasa, vijana wake waliichapa Morocco hiyo hiyo 3-0. Wamorocco walimlaumu mwamuzi, wakagoma kucheza marudiano, na Zaire ikawa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. Machi 1974 ikatwaa ubingwa wa Afrika nchini Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9, rekodi ya mashindano hayo ambayo haijavunjwa mpaka leo. Wakati huo hakuna aliyekumbuka kuuliza kocha ni mtu wa wapi.

Juni 18, Gelsenkirchen, katika mechi ya Kombe la Dunia dhidi ya Yugoslavia, mambo yaligeuka. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, wachezaji walikuwa wameambiwa kwamba marupurupu yao hayatafika, nusura wagome. Dakika 20 zilipotimia walikuwa nyuma kwa mabao 3. Vidinić akamtoa golikipa Kazadi Mwamba wa Lubumbashi, akamwingiza Tubilandu Dimbi, na kazi ya kwanza ya Tubilandu ikawa kuokota mpira wavuni. Wachezaji wakamzingira mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia wakidai kulikuwa na kuotea. Katika msongamano huo Mwepu Ilunga, jezi namba 2, akampiga mwamuzi teke. Delgado alipogeuka alimwonyesha kadi nyekundu Ndaye, jezi namba 13. Kadi nyekundu ya kwanza kabisa katika Kombe la Dunia ilikuwa imetolewa siku 4 tu kabla. Ndaye alitoka analia, na Zaire ikamaliza na watu 10.

Kumtoa Kazadi ndiko kulikozaa uvumi wa kuuza mechi. Wengine walisimulia kwamba amri ilitoka kwa maofisa wa serikali. Kwangu mimi, wachezaji waliodhulumiwa pesa zao wanatosha kueleza kipigo kile. Delgado alikosea vibaya, lakini mabao 4 yalikuwa tayari wavuni. Siku 4 baadaye Brazil ilishinda 3-0, na Mwepu akachomoka kwenye ukuta akaupiga mpira wa adhabu ambao haukuwa wao. Ulaya walicheka kwamba Waafrika hawajui sheria. Huyo alikuwa bingwa wa Afrika, sheria alizijua.

Vidinić hakukosa kazi. Alichukua timu ya taifa ya Kolombia, nchi ya Delgado, akashindwa kuifikisha Kombe la Dunia la 1978. Alifariki Strasbourg, Ufaransa, Desemba 2006.