Msimu na Muhula

Neno msimu asili yake ni Uarabuni, na katika Bahari ya Hindi maana yake kubwa ilikuwa moja tu: pepo. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Disemba, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Bara Hindi yakaja pwani hii; kusi iliposhika, baada ya Machi, yakarejea. Msafiri alitazama upepo, na aliyechelewa alikaa bandarini hadi mwaka uzunguke. Neno muhula nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni nafasi anayopewa mtu, kama mdaiwa anavyopewa muda wa kulipa. Siku hizi muhula ni wa shule. Kwa familia nyingi za Ulaya na Marekani, huo ndio uliochukua mahali pa upepo: ndio unaoamua watu wasafiri lini na kwa nauli gani.

Historia ya safari za baharini aghalabu huandikwa kwa majina ya manahodha na makampuni. Mtoto hatajwi, ilhali alikuwamo. Siku aliyopandishwa melini, na pahala alipowekwa baada ya kupanda, ni ushahidi wa kutosha wa kujua nani katika zama hizo alikuwa na amri juu ya siku zake: mzazi, serikali au mfanyabiashara.

Katika karne ya 19, mtoto wa Kiingereza aliyezaliwa Bara Hindi hakuwa na budi ila siku moja kupandishwa meli. Wazazi wake, watumishi wa himaya, waliogopa maradhi ya nchi za joto. Waliogopa pia kwamba mtoto atakuwa mtu wa nchi aliyozaliwa, aijue lugha ya yaya wake kuliko ya baba yake. Alipofika miaka mitano, sita au saba, alipelekwa Uingereza akasome, na wazazi wakarudi kazini. Rudyard Kipling alizaliwa Bombay mwaka 1865. Mwaka 1871, kabla hajatimiza miaka sita, yeye na mdogo wake wa kike walipelekwa Southsea, wakaachwa kwa watu wasiowajua, ambao wazazi wao waliwapata kwa tangazo la gazeti. Watoto wale hawakuelezwa kwamba wanaachwa. Mama yao alirejea mwaka 1877. Mtu huyo huyo aliyekuja kuwa mshairi wa himaya ndiye aliyeandika hadithi ya "Baa Baa, Black Sheep", iliyotoka mwaka 1888, kuhusu machungu ya watoto wawili walioachwa namna hiyo. Shule ndiyo iliyokuwa sababu ya safari, na kazi ya safari ilikuwa kutenganisha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, meli zilizokata Atlantiki zilianza kushindana kwa fahari, na fahari hiyo ikamfikia mtoto. Meli ya Kifaransa Normandie, iliyoanza safari mwaka 1935, ilikuwa na chumba cha kulia watoto peke yao, kilichopambwa kwa picha za Babar, yule tembo mfalme, kwa mkono wa Jean de Brunhoff mwenyewe aliyemtunga. Queen Mary, iliyofuata mwaka 1936, ilikuwa na vyumba vya michezo ya watoto. Vyumba vile vilikuwa vizuri, na watoto bila shaka walivipenda. Lakini makusudio yake yasifichike: mtoto wa daraja la kwanza alilishwa mapema, pamoja na yaya wake, ili wakubwa wale chakula chao cha usiku kwa utulivu. Kutengwa kulikokuwa baina ya nchi na nchi sasa kulikuwa baina ya chumba na chumba.

Katikati ya habari hii ipo hadithi nyingine, nayo ina jina linalojulikana Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 kampuni ya British India Steam Navigation ilianza kuzitumia meli zake za kuchukulia askari kwa safari za wanafunzi. Vita vikakatiza. Mwaka 1961, jeshi la Uingereza lilipokuwa likiacha kusafirisha askari wake kwa bahari, kampuni iliichukua Dunera, meli ya askari, ikaigeuza shule. Mwaka uliofuata ikaja Devonia, kisha Nevasa mwaka 1965. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya wanafunzi. Yakaongezwa madarasa na ukumbi wa mihadhara. Shule ilituma wanafunzi wake pamoja na walimu wao, na safari nyingi zilifanywa katikati ya muhula. Kabla ya kufika bandari, wanafunzi walifundishwa habari za bandari hiyo. Baada ya kuiona, waliandika katika madaftari yao yale waliyoyaona.

Meli ya nne ilikuwa Uganda. Hii haikuwa ya askari. Iliundwa Glasgow, ikaanza kazi mwaka 1952, na pamoja na pacha wake, Kenya, ilitoka London kwa njia ya Suez, ikapita Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam hadi Beira. Waliojaza vyumba vyake vizuri ni maofisa wa serikali za kikoloni, walowezi, wake zao na watoto wao. Wapo katika watoto hao waliokuwa wakipelekwa shule za bweni Uingereza, kama Kipling alivyopelekwa kabla yao. Kisha nchi ya Uganda ikapata uhuru mwaka 1962, na Kenya mwaka 1963. Maofisa wakaondoka, ndege zikawachukua abiria waliobaki, na Juni 1967 mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Mwaka huo huo meli ikapelekwa Hamburg kugeuzwa. Ngamani, palipokuwa pakipakiwa mizigo, pakajengwa mabweni. Mwaka 1968 ikatoka tena, ikiwa na nafasi ya wanafunzi zaidi ya 900, na abiria wengine wapatao 300 waliolipa nauli ya vyumba.

Isidhaniwe kwamba ilikuwa pepo ya watoto. Mzazi ndiye aliyelipa, na ambaye mzazi wake hakuweza alibaki darasani akiwaaga wenziwe. Hata hivyo, wazo lililokuwamo lilikuwa kubwa. Kwa mara ya kwanza muhula na bahari havikugombana. Mtoto aliyesimama sitahani siku ya Jumanne asubuhi, akiitazama Ugiriki ikichomoza, alihesabiwa kwamba yuko shuleni.

Wazo hilo liliendelea miaka ishirini na kitu. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, na Nevasa ikauzwa kuvunjwa mwaka 1975. Uganda ikabaki peke yake. Aprili 1982 ilikuwa katika Mediterania, imejaa wanafunzi, serikali ya Uingereza ilipoichukua kwa vita vya visiwa vya Falkland. Watoto waliteremshwa Napoli, wakarejeshwa kwao kwa ndege. Meli ikaenda Gibraltar, na kwa siku chache tu ikageuzwa hospitali. Katika vita vile ilitibu majeruhi zaidi ya 700, na miongoni mwao walikuwamo Waajentina wapatao 150. Baada ya vita ilirudi kwa watoto miezi michache tu, kisha ikakodiwa tena kupeleka watu na vifaa kusini. Mwaka 1986 iliuzwa kwa chuma chakavu, na ilipokuwa Kaohsiung, Taiwan, ikingoja kuvunjwa, tufani ikaipindua.

Meli za kizazi kilichofuata hazikuwa na madarasa. Makampuni ya Marekani, yaliyokuwa yakiuza safari za matembezi katika visiwa vya Karibi, yalitambua kwamba mteja aliye kijana leo kesho atakuwa na watoto, na asipopata pa kuwaweka hatarudi. Yakaanzisha klabu za watoto. Mwaka 1998 Disney Magic ilianza safari zake kutoka Florida, na sehemu kubwa ya sitaha yake moja ilikuwa ya watoto. Makampuni mengine, ambayo yalikwisha kuanza, yakazidisha juhudi. Leo mtoto hupangwa kwa umri wake: wa miaka mitatu hadi mitano mbali, wa sita hadi minane mbali, na vijana wana pahala pao. Mzazi huweka sahihi mlangoni, mtoto huvikwa bangili, na wa kumchukua lazima ajulikane. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi sita, katika meli nyingi, hapokewi melini kabisa.

Aghalabu klabu hizi hazitozwi fedha mchana, na sababu yake haiko mbali. Katika makampuni makubwa, takriban theluthi ya mapato hutokana na yale abiria wanayoyanunua wakiwa wameshapanda: vinywaji, matembezi ya bandarini, maduka na vyumba vya kamari. Mzazi mwenye mtoto mkononi hanunui mengi. Haki pia isemwe: mama aliyekaa mwaka mzima asipate saa moja ya kupumzika huipata pale, na mtoto asiye na ndugu hupata wenzake wa kucheza nao. Klabu si dhuluma. Lakini ni biashara, na bidhaa yake kubwa ni utulivu wa mzazi.

Hapo ndipo muhula unaporudi kudai chake. Meli hiyo hiyo, kwa njia hiyo hiyo na chakula hicho hicho, huwa na nauli moja wiki ya mwisho ya muhula na nauli nyingine, kubwa zaidi, wiki ya kwanza ya likizo. Mwalimu na mzazi wa mtoto wa shule hawana hiari. Mfanyabiashara anawajua, na anawangojea. Uingereza, kabla ya Septemba 2013, mwalimu mkuu aliweza, katika hali maalumu, kumruhusu mwanafunzi hadi siku kumi kwa safari ya familia. Tangu mwezi huo, kwa shule za England, ruhusa haitolewi isipokuwa kwa dharura isiyo ya kawaida, na mzazi anayekaidi hutozwa faini: kwanza ilikuwa paundi 60, na tangu Agosti 2024 ni paundi 80, kwa kila mzazi na kwa kila mtoto.

Baba mmoja wa kisiwa cha Wight alikataa kulipa. Aprili 2015 alikuwa amempeleka binti yake Florida kwa siku saba za masomo bila ya ruhusa ya shule, naye alisema kwamba mtoto anayehudhuria karibu siku zote nyingine hawezi kuitwa mtoro. Kesi ilipanda mahakama hadi mahakama. Tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua dhidi yake kwa kauli moja: kuhudhuria ipasavyo ni kuhudhuria kama kanuni za shule zinavyotaka, wala si kama mzazi aonavyo. Mahakama ilikuwa na hoja yake, kwamba mtoto mmoja akikosekana huathirika yeye, na huathirika pia kazi ya mwalimu na ya wanafunzi wenziwe. Hoja hiyo haina dosari. Hata hivyo, mtu aliyewahi kusoma habari za Dunera na Uganda hakosi kuuliza. Miaka ya 1960, mtoto wa nchi hiyo hiyo aliye baharini katikati ya muhula alihesabiwa yupo darasani. Leo anahesabiwa mtoro. Bahari haikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kumpeleka: zamani mwalimu, sasa mzazi.

Wapo waliojaribu njia nyingine. Ufaransa imegawa nchi kanda tatu, na likizo za baridi na za masika hupishana. Ujerumani hupanga zamu za likizo ya kiangazi kwa majimbo yake, na Bavaria huwa miongoni mwa wa mwisho. Mipango hii haiondoi nauli kubwa, lakini huipunguzia makali, maana wasafiri hawamiminiki wote siku moja. Kwa upande mwingine, jimbo la Virginia huko Marekani lilitunga sheria mwaka 1986 kuzizuia shule zisifungue muhula kabla ya sikukuu ya wafanyakazi, mapema Septemba. Watu waliiita kwa jina la bustani moja ya michezo, kwa kuwa ilijulikana nani ananufaika na vijana kubaki likizoni mwezi wote wa Agosti. Ililegezwa mwaka 2019. Basi si kweli kwamba biashara daima huifuata kalenda ya shule. Mara nyingine huiandika.

Na kuna kalenda ya tatu, ambayo abiria haioni. Wanaotandika vitanda na kuandaa meza katika meli hizi wengi wao ni watu wa Ufilipino, Indonesia na Bara Hindi, na mikataba yao huchukua miezi sita hadi tisa. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka baharia arudishwe kwao kabla ya kutimiza miezi kumi na miwili melini. Mwanamke anayempangusia maji mtoto wa mgeni huenda ana wake wa umri huo, na muhula mzima wa shule ya mwanawe humpita akiwa baharini. Utengano uliomfika Kipling haujaondoka. Umehamia kwa watu wengine, na safari hii anayepanda meli ni mzazi, na anayebaki ni mtoto.

Kaskazi na kusi hazikuwa na mwenyewe, na mtu hakuweza kuzishtaki. Muhula umewekwa na watu, na walioweka wanaweza kupanga upya. Wanafunzi walioteremshwa Napoli mwaka 1982 sasa wanakaribia miaka 60. Atakayetaka kumpeleka mjukuu wake baharini katikati ya muhula, amwonyeshe alichokiona yeye sitahani, itabidi wazazi wa mtoto waombe ruhusa kwanza, na yumkini wasipewe.