Tanzia ya Butiama na Binti wa Ukerewe

Historia ya vitabu vya huzuni mikononi mwa vijana wa mkoa wa Mara haiwezi kuiacha Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, kwa kuwa tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, iliwapa wasomaji wa Kiswahili tanzia, yaani mchezo ambao shujaa wake huangamia, na ndani yake watu huuawa kwa visu na Brutus hujiua kwa upanga.

Tangu mwaka 1968, mradi wa UNESCO katika mikoa ya Ziwa ulipoeneza kisomo chenye manufaa, yaani kusoma kulikofungamanishwa na kazi ya msomaji, vitabu vya watu wazima wa Musoma na Bunda vilishughulikia zaidi kilimo, pamba ikiwemo, na maisha ya kila siku. Ndipo mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kinachofikiwa kwa kivuko kutoka Kisorya wilayani Bunda, alipochapisha Rosa Mistika, riwaya ya Rosa, msichana aliyekuzwa kwa fimbo za Zakaria, baba mlevi, akaenda shule bila kufunzwa lolote juu ya wanaume, na mwishowe akajiua. Kwa kuwa Wajita wanaishi pande zote mbili za maji hayo, msomaji wa Bunda hakuhitaji kuelezwa nyumba ya namna hiyo ilivyo.

Riwaya ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ilitaja mambo ya ngono waziwazi, uamuzi unaostahili kulaumiwa, maana kijana aliyeruhusiwa kumlilia Brutus wa Roma alizuiwa kumlilia binti wa jirani. Uchungu wa riwaya hiyo, hata hivyo, haumvamii msomaji ghafla: hukusanywa kidogo kidogo, kuanzia kipigo cha baba hadi mchumba wake Charles anapomkataa Rosa kwa kuwa si bikira, kiasi kwamba anayesoma humhurumia na papo hapo huwakasirikia waliomfikisha hapo, na huenda hasira hiyo nayo iliwatia hofu wakubwa.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU, ikikutana Musoma, iliazimia kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, na Azimio hilo la Musoma likaongeza sana idadi ya wasichana wanaojua kusoma, yaani walioweza kuisoma Rosa Mistika. Baadaye riwaya ilirudi madarasani, ambako mtihani huuliza dhamira na wahusika, wala haumuulizi msichana wa Mara alichokihisi Rosa alipokufa.