Barua Halali Zilizokataliwa Mlangoni

Mwanzoni mwa Aprili 2014 Yahoo ilibadilisha mstari mmoja tu katika kumbukumbu za kikoa chake. Mstari huo uliziagiza seva za dunia nzima kuikataa barua yoyote inayojitambulisha kuwa ya yahoo.com ikikosa uthibitisho. Jumatatu ya tarehe 7, mtaalamu wa barua pepe John Levine akawaandikia wahandisi wenzake wa IETF, chombo kinachoweka kanuni za intaneti, kwamba hatua hiyo imevuruga orodha za barua pepe kila mahali, za IETF zikiwemo.

Mzizi wa tatizo ni wa zamani. Jon Postel alipoandika mwaka 1982 kanuni za SMTP, zinazoongoza utumaji wa barua pepe, mtandao ulikuwa wa vyuo na maabara, na mtumaji hakudaiwa kitambulisho. Baadaye matapeli wakaja, na kufuli zikafuata: SPF hukagua seva iliyoleta barua, DKIM huipiga barua muhuri, na DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, humruhusu mwenye kikoa kuamua barua isiyothibitishwa ifanywe nini. Mstari wa Yahoo ulikuwa agizo la DMARC.

Sasa chukua mwalimu mwenye anwani ya Yahoo anayeiandikia orodha ya walimu wenzake. Programu ya orodha inaipokea barua, inatia jina la orodha kwenye kichwa, inaongeza chini mistari miwili ya namna ya kujitoa, kisha inaisambaza kwa seva yake yenyewe. Yahoo haijaiidhinisha seva hiyo. Maandishi yameguswa, kwa hiyo muhuri umevunjika. Na mahali pa mtumaji bado pameandikwa jina la mwalimu. Hakuna aliyedanganya, lakini barua ina dalili zote za kughushiwa.

Kinachoniuma zaidi ni nani aliyeadhibiwa. Gmail ilipoikataa barua hiyo, ilirudi kwenye orodha. Mailman, programu iliyoendesha orodha nyingi, huhesabu barua zinazorudi, na anwani inayorudisha mno huihesabu kuwa mbovu. Basi wanachama wa Gmail wakasimamishwa uanachama, na wao hawakuwa wameandika hata neno.

Yahoo ilikuwa na sababu: wahalifu walikuwa wakituma utapeli kwa majina ya wateja wake. AOL ikafuata mwezi huohuo. Lakini agizo kali namna hiyo linaifaa benki, ambayo barua zake huenda moja kwa moja kwa mteja. Watu wa kawaida huandikiana kupitia vikundi.

Waendeshaji wa orodha wakaokoa walichoweza kwa kuweka anwani ya orodha mahali pa mtumaji. Mwaka 2019 ikaja ARC, inayomwezesha msambazaji kushuhudia kwamba barua ilipomfikia ilikuwa safi, ila mpokeaji halazimiki kuuamini ushahidi huo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawadai watumaji wa barua nyingi wawe na DMARC. Na mwalimu yule, barua yake ikifika, husomeka imetoka kwake “kupitia” orodha. Anayetafuta anwani yake mahali pa mtumaji hukuta ya orodha.