Gesi inayoonyesha pahali pumzi inakwama

Mwaka wa 1973 Paul Lauterbur, mtafiti wa Marekani, alichapisha picha za kwanza zilizopigwa kwa nguvu ya sumaku. Mashine hizo zilikuja kuonyesha vizuri ubongo na magoti. Mapafu yalizishinda: zinatafuta hidrojeni iliyo ndani ya maji, na mapafu yamejaa hewa. Kwenye picha yanatoka meusi.

Kwa mgonjwa mwenye makovu mapafuni hilo si jambo dogo. Picha ya eksirei inaonyesha kovu liko wapi. Haionyeshi kama oksijeni bado inavuka pale kuingia kwenye damu.

Njia ilitoka kwa xenoni, gesi adimu iliyogunduliwa London mwaka wa 1898. Mwaka wa 1994 watafiti wa Princeton na Stony Brook waliitia nguvu kwa mwanga wa leza, wakaijaza ndani ya mapafu ya panya, na picha ikaonekana. Leo mgonjwa anaivuta na kubana pumzi sekunde chache. Gesi inafuata njia ya oksijeni: inapenya utando wa mapafu, inafika kwenye chembe nyekundu za damu, na kila pahali inatoa ishara tofauti. Penye kovu utando ni mnene, ishara yake inapanda, ile ya damu inashuka.

Desemba 2022 Marekani iliidhinisha gesi hiyo, lakini kwa kuona tu hewa inavyoenea mapafuni. Makovu hayakuwemo. Na kwa mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi huku Kongo, mganga bado anasikiliza kifua, na kuomba eksirei kama ipo.