Tangi la Mpwapwa na ng'ombe wa Kondoa

Tukisikia uchafuzi wa mazingira, wengi tunawaza moshi wa kiwandani au maji taka. Kwa Dodoma kuna kitu kingine kabisa, na kilianza kupimwa miaka ya 1930: udongo unaotoka mahali pake na kwenda kujaza mabwawa. Vipimo hivyo vilikuja kugusa maisha ya watu kwa namna ambayo aliyevianzisha pengine hakuiwaza.

Twende Mpwapwa, 1933. Kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, ofisa wa utafiti wa malisho, R. R. Staples, alitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko mdogo, wa nyuzi 3.5 hivi. Ukisimama hapo unaweza hata usijue kama ni mteremko. Kila kipande alikizungushia ukingo, na chini akaweka tangi la kukinga maji. Mvua ikinyesha, unakwenda kwenye tangi, unapima maji yaliyoingia, unapima na tope. Basi. Hakuna mtambo wowote wa ajabu, na mpaka leo jaribio la namna hii linafanywa hivyo hivyo.

Tofauti ilikuwa juu ya vipande vyenyewe. Kimoja kilikuwa kichaka ambacho mifugo haikuguswa nacho, kingine nyasi, kingine shamba la nafaka, na cha mwisho kilikuwa kitupu. Kichakani, chini ya asilimia 1 ya mvua ilitiririka. Kwenye nyasi, asilimia 1.9. Kwenye shamba, asilimia 26. Kwenye ardhi tupu, asilimia 50.4, yaani nusu ya mvua iliondoka bila kuingia ardhini, katika nchi ambayo mvua yote ya mwaka ni milimita 600 hivi. Upande wa udongo, kichaka na nyasi havikupoteza chochote cha kuhesabika. Shamba lilipoteza tani 78 kwa hekta kwa mwaka. Ardhi tupu, tani 146.

Tani 146 ni nyingi kiasi gani? Chukua lori la tani 7: ni safari 20 na zaidi, kutoka kwenye eneo la ekari mbili na nusu tu. Ukizisambaza unapata karibu sentimita moja ya udongo wa juu kila mwaka, ule ule wenye rutuba.

Namba hizi zilisafiri sana. Mpaka leo ukifungua vitabu vya mmomonyoko wa udongo utazikuta. Ila zitazame tena, maana ndipo ninapoona jambo lilipoanza kupinda. Katika namba hizi nne hakuna ng'ombe. Staples alilinganisha ardhi iliyofunikwa na isiyofunikwa. Hakuuliza ni nani aliyeondoa kile kifuniko. Ukitaka kumtafuta mshitakiwa kwenye jedwali lenyewe, wa karibu zaidi ni jembe. Lakini maofisa wa kikoloni tayari walikuwa na mshitakiwa wao, yaani mifugo mingi ya Wagogo na Warangi, na namba za Mpwapwa zikasomwa kama hukumu juu yake. Sisemi ng'ombe hana hatia. Akila nyasi zote, ardhi inabaki tupu, na tangi limeshatuambia kinachofuata. Nasema tu kwamba hatua hiyo ya katikati haikupimwa, ilijazwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 likaja swali kubwa kuliko kipande cha ardhi: je, bonde zima linapoteza kiasi gani? Anders Rapp kutoka Sweden, Carl Christiansson na wenzao, pamoja na BRALUP ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (ndiyo iliyogeuka kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali), walichagua mabonde manne ya jirani na mji wa Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Akili yao naipenda. Bwawa ni tangi la Staples lililokuzwa. Pima kina chake leo, linganisha na ramani ya siku lilipojengwa, na tofauti ndiyo tope lililoingia. Walisoma pia mizizi ya miti iliyobaki hewani, maana inaonyesha udongo ulikuwa umefika wapi mti ulipoanza kuota.

Matumbulu, bonde la kilomita za mraba 18 hivi, lilitoa takriban mita za ujazo 730 za tope kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Ikowa, lenye kilomita 640, lilitoa kama 200 tu. Ukizigeuza kuwa tani, Ikowa inakuwa chini mara hamsini hivi kuliko kipande kitupu cha Mpwapwa. Sehemu ya sababu ni kwamba bonde zima haliwi tupu. Sehemu nyingine ni kwamba udongo ukitoka mlimani haufiki mbali. Unatua chini ya mteremko, kwenye mbuga, kwenye mito ya mchanga. Hata hivyo, tope hilo lilitosha kuyapa mabwawa yale umri wa miaka 25 hadi 30 kabla ya kujaa. Kwa mji mkavu kama Dodoma, hiyo si habari ndogo.

Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Kazi kubwa ilikuwa Kondoa, kwenye milima ya Irangi yenye makorongo ya kutisha. Kwanza wakaleta matingatinga ya kuchimba makinga maji, wakapanda miti. Haikutosha. Mwaka 1979 serikali ikaamua mifugo yote itoke kwenye eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote. Ni wanyama wapatao 85,000.

Nyasi zilirudi. Hilo halina ubishi: vilima vilivyokuwa vyekundu vikawa kijani ndani ya miaka michache, na wachunguzi waliopita wakasifu. Lakini hesabu ya upande wa pili haikuwa na tangi la kuikinga. Maziwa, samadi ya shambani, mahari, punda wa kubebea maji: vyote viliondoka kwa mpigo. Na ng'ombe hawakuyeyuka. Wengi walipelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka, wakaenda kula nyasi za huko.

Halafu ikaja habari ya mwaka 2000. Kuna njia ya kujua chembe ya mchanga ilipigwa na jua mara ya mwisho lini, kwa kupima nishati iliyojilimbikiza ndani yake ikiwa gizani. Mats Eriksson na wenzake walipoitumia kwenye udongo uliotua chini ya milima ya Kondoa, walikuta mmomonyoko mkubwa wa miaka zaidi ya 11,000 iliyopita, wakati tabianchi ilipobadilika, na mwingine ulioanza kama miaka 900 iliyopita, watu wakilima. Kwa hiyo binadamu yumo, ila makorongo yale hayakuchimbwa na kizazi kimoja cha wafugaji wazembe, kama ilivyozoeleka kusemwa.

Wakati huo mifugo ilikuwa imeshaanza kurudi. Kuanzia 1989 HADO iliruhusu ng'ombe wachache wa maziwa, kwa masharti ya kukaa bandani. Ikawa ni mwenye ng'ombe aliyekwenda mlimani kukata majani, akayafunga mzigo na kuyateremsha kichwani.