Foleni ya Kamanga na jamaa wa Helsinki

Nilipotea kidogo, nilikuwa field, nafundisha sekondari moja kule Sengerema. Nimerudi juzi. Leo hakuna stori za hosteli, leo historia kidogo.

Nikiwa Kamanga nasubiri kuvuka kuja mjini, nilimtazama jamaa anayepanga magari. Fuso la mihogo, hiace, pikipiki, kila mmoja anataka kuingia wa kwanza. Jamaa ananyoosha mkono tu: wewe njoo, wewe subiri. Ikaja gari ya wagonjwa, wote wakapisha. Nikasema moyoni, kumbe mfumo endeshi wa kompyuta ndio huyu! Programu ziko kibao, prosesa ndiyo kivuko. Lazima awepo wa kupanga zamu na kugawa nafasi, la sivyo havuki mtu.

Basi mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye miaka 21, alianza kuandika mfumo wake mwenyewe. Aliwaambia watu ni kitu cha kujifurahisha tu. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya GPL: ruksa kila mtu kusoma msimbo, kuubadili na kuugawa. Leo kiini cha Linux kimo ndani ya kila simu ya Android.

Na sisi Bongo? Serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, zuio likaja kulegezwa baadaye. Halafu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, kwenye mradi wa Kilinux (Kiswahili na Linux, umeipata?), wakatoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, zote kwa Kiswahili. Hawakupiga magoti kwa kampuni yoyote. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia kazini.

Sasa kinachoniuma. Kule field tulikuwa na kompyuta mbili za msaada. Dogo mmoja wa Form One, mkali wa hesabu, aliandika kazi yake kipindi kizima. Alipofunga, mashine ikamuuliza kwa Kiingereza kama ahifadhi. Akabofya jibu la kukataa. Kazi yote ikapotea, na mimi nikamgombeza mbele ya darasa. Usiku sikulala vizuri. Dogo hakushindwa kompyuta, alishindwa Kiingereza. Na watu walishaonyesha njia tangu 2004, ila mimi mwalimu sikuwahi hata kuulizia.

Siku zote nilidhani mambo haya ni ya watu wa kompyuta, sisi wa ualimu hayatuhusu. Lakini Torvalds alianza akiwa na umri wetu. Kuandika kiini siwezi, nakiri. Kumwelezea mtoto neno "hifadhi" naweza.

Kwa hiyo nimeanza daftari: maneno 40 ya kompyuta kwa Kiswahili. Nitalituma kule libandikwe ukutani, na ndani nimemwandikia dogo samahani. Nimefika neno la 27. Mwenye neno zuri kuliko "folda" anishtue tukikutana kafeteria.

Naishia hapa, kesho saa mbili nina test. Tuko pamoja.