Nevirapini: namna gani dawa inafunga kimeng'enya cha Sida kutoka pembeni

Kila seli ya mwili iko na vimeng'enya, ni kusema protini zinazoharakisha kazi za uhai. Kila kimeng'enya kiko na mdomo wake wa kazi, pahali ambapo kitu huingia na kubadilishwa. Lakini vingine viko na mfuko pembeni. Kitu kikiingia mule, umbo la kimeng'enya chote linageuka kidogo, na mdomo unafunguka zaidi ao unajifunga. Hiyo ndiyo inaitwa alosteri, jina la asili ya Kigiriki lenye maana ya "umbo lingine". Jacques Monod na François Jacob, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walilileta mwaka wa 1961.

Mwili wenyewe unatumia njia hiyo. Katika misuli, kimeng'enya fosfofruktokinazi kinasaidia kuvunja sukari ili kupata nguvu, inayowekwa katika ATP. Mtu akipumzika, ATP inajaa, inaingia katika mfuko wa pembeni na kupunguza kazi. Akishika jembe, ATP inatumika, AMP inapanda, na kazi inaanza upya. Hivyo sukari haiharibiki bure.

Virusi vya Sida navyo viko na kimeng'enya kinachogeuza RNA yao kuwa DNA, ili viingie katika urithi wa seli ya mtu. Nevirapini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka wa 1996, haigusi mdomo wake. Inaingia katika mfuko wa karibu. Ni kama mkasi uliokwamishwa na kijiti karibu na msumari: makali ni mazima, lakini haukati.

Shida iko hapa: virusi havihitaji ule mfuko kwa kazi yao. Vinaweza kuubadilisha na kuendelea kuishi. Asidi amino moja tu, ya nambari 103, ikibadilika, dawa inaweza kushindwa. Tena mgonjwa akiacha dawa, nevirapini inabaki damuni siku nyingi, peke yake, wakati zile zingine zimekwisha. Virusi vyenye mfuko mpya ndivyo vinazaana.

Ndiyo maana wamama wengi waliopewa nevirapini mara moja tu wakati wa kuzaa walipatikana baadaye na virusi sugu, na leo dawa zinachanganywa. Watu wazima wengi sasa wanapewa dolutegraviri, inayokamata mdomo wenyewe wa kimeng'enya kingine, integrazi. Virusi vikibadilisha mdomo huo, mara nyingi vinajiumiza vyenyewe.

Nevirapini ingali inawalinda watoto wachanga wa wamama wenye virusi. Kwa mtoto na kwa mkubwa, sheria ni moja: dawa kila siku kama muganga alivyosema, na kurudi kituo cha afya mbele haijaisha.